Soma Mbao Kabla ya Kushika Brashi

Hotuba hii niliitoa mbele ya wakazi wa mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, walioniomba niwaeleze namna ya kutengeneza upya meza na viti vya kulia vya zamani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwenyekiti wetu, wazee wetu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni: hamjambo nyote. Nashukuru kwa kunialika.

Nina ombi kabla ya maelezo. Kama nyumbani kwako kuna meza ya kulia ya mbao iliyochakaa, na umeshaanza kuulizia bei ya mpya, ngoja kwanza. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao, na kwa fanicha zetu za hapa Nairobi neno hilo lina uzito wake. Meza nyingi nilizoziona kwenye nyumba za mitaa hii zilitengenezwa miaka ya 1970 na 1980, kwa mbao ambazo leo ukienda kuzitafuta soko la Gikomba utazunguka mpaka jua litue. Mvule. Mahogani. Kamfa iliyotoka misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, ambayo ukiipiga msasa hata leo chumba kizima kinanukia. Muuru wa kutoka Meru. Miti hii huchukua miaka mingi sana kukomaa, na iliyobaki tunahitaji iendelee kusimama msituni. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hayo yalipoondolewa mwaka 2023, ruhusa ilikuwa ya miti ya kupandwa iliyokomaa. Hiyo ni saiprasi, msonobari na mkaratusi. Ni mbao nzuri kwa kazi zake, lakini si mvule.

Halafu kuna meza mpya za bei rahisi. Nyingi ni MDF, yaani nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Maji yakipenya kwenye ukingo, inavimba, na ikivimba hairudi. Huwezi kuipiga msasa kwa sababu ukitoboa ile karatasi umefika mwisho. Mbao halisi unaweza kuikwangua leo, mwanao akaikwangua tena miaka thelathini ijayo, na mjukuu naye akaikuta.

Leo jioni ukifika nyumbani, pindua meza yako uangalie chini. Utakuta alama za penseli za fundi, mistari ya msumeno, na pale mguu unapokutana na fremu utaona ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake bila msumari hata mmoja. Ufundi huo una historia katika jiji hili. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896, ikafika hapa 1899 na Kisumu 1901, walikuja nayo mafundi kutoka Punjab, wengi wao Masingasinga, maseremala na wahunzi. Baadhi walibaki wakafungua karakana, na vijana wa Kiafrika walioingia kama wasaidizi wakatoka humo mafundi kamili. Fanicha unazoziona zimepangwa kando ya Ngong Road zimetoka katika mikono iliyofundishana hivyo, mkono kwa mkono. Kwa hiyo mtu akiniambia meza ya babake ni takataka, naumia kweli.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi huanza na rangi. Wameona picha kwenye simu, meza nyeupe miguu, kahawia juu, wanakimbia hadiwea kununua kopo. Mimi nasema kopo ndilo la mwisho kununuliwa. Anza kwa kuisoma mbao. Kuna mambo matatu ya kujua: ni mti gani, ni mbao nzima au imebandikwa ganda, na juu yake kumepakwa nini.

Mti gani, mara nyingi utaujua kwa uzito na rangi sehemu ambayo haijapakwa, chini ya meza. Mahogani ni nyekundu ya kahawia na ina vitundu vidogo unavyovihisi kwa ukucha. Mvule huanza na unjano na huzidi kuiva rangi kadiri unavyokaa kwenye mwanga. Saiprasi ni nyepesi, ya manjano hafifu, na ina macho ya vifundo. Usipojua, peleka kipande au picha kwa seremala mzee, atakuambia.

Ganda, ambalo mafundi huita venia, ni karatasi ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya mbao duni. Angalia ukingo wa meza. Kama mishipa ya mbao unayoiona juu inashuka na kuendelea kwenye ukingo, hiyo ni mbao nzima. Kama inakatika ghafla na ukingo una sura nyingine, hiyo ni venia, na ni nyembamba mno. Usiiwekee mashine ya msasa kabisa. Kwa mkono, polepole, msasa laini.

Jambo la tatu ndilo ambalo wengi hawalijui, nami nitakaa hapo kidogo. Chukua pamba, ichovye kwenye spiriti ya kawaida, ibane kwa dakika moja mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa fremu. Iondoe utazame. Kama sehemu ile imeanza kunata na pamba imetoka na rangi ya kahawia, hiyo ni shelaki, polishi ya zamani itokanayo na utomvu wa mdudu mdogo wa India na nchi jirani. Kama spiriti haikufanya kitu, jaribu thina mahali pengine. Ikilainika kwa thina, ni laka. Na kama zote mbili zimeshindwa, hiyo ni vanishi ya mafuta au polyurethani, na itakubidi uikwangue.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu shelaki iliyochoka wakati mwingine haihitaji kukwanguliwa hata kidogo. Unaipitisha tambara lenye spiriti kidogo, inalainika, inajisawazisha, inang'aa tena. Kazi ya wiki inakuwa kazi ya alasiri. Yale maduara meupe yanayoachwa na kikombe cha chai ya moto ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi, na kwa shelaki mara nyingi huondoka kwa njia hiyo hiyo. Duara jeusi ni habari nyingine: maji yameshafika kwenye mbao yenyewe na chuma kimegusana na tanini, asidi ya asili iliyo ndani ya mti. Hilo huondolewa kwa asidi ya oksaliki baada ya kukwangua polishi yote, na asidi hiyo ni sumu. Vaa glavu, suuza vizuri, na isikae jikoni mtu akaidhani ni chumvi.

Sasa tuje kwenye uamuzi: rangi au steini? Steini, kwa wasiojua, ni ile rangi nyembamba inayozama ndani ya mbao na kuacha mishipa yake ionekane. Rangi ya kawaida inafunika. Msimamo wangu ni huu, na najua si kila fundi atakubaliana nami: uso wa meza uache uonekane mbao, na rangi uipeleke kwenye viti na miguu. Uso wa meza ndipo fundi wa kwanza aliweka mbao zake bora. Aliuchagua ubao kwa jicho. Viti navyo mara nyingi viliungwa kwa vipande vya miti tofauti, vimewahi kuvunjwa na kutiwa kiraka, mgongo wa mti huu na mguu wa mti ule. Hapo rangi inasaidia, inaviunganisha vionekane seti moja. Kufunika mvule safi kwa rangi nyeupe kwa sababu ya picha ya kwenye simu, hilo nitalipinga popote.

Na kabla hujanunua steini, fanya jaribio dogo. Ukishakwangua uso wa meza, lowesha sehemu kwa kitambaa chenye maji. Rangi utakayoiona kabla haijakauka ndiyo inayokaribiana na utakayoipata ukipaka vanishi tupu. Kwa mahogani na mvule, watu wengi wakiiona hiyo wananyamaza, kisha wanasema, basi iache hivyo. Steini wanaihitaji wenye saiprasi na msonobari, au wenye meza iliyotiwa kiraka kipya kisicholingana na mbao ya zamani.

Kabla ya msasa, viungo. Kiti kinachoyumba usikipigilie msumari. Msumari unapasua ulimi, na fundi atakayekuja baadaye atakulaumu kwa haki. Fungua kiungo, kwangua gundi kuukuu mpaka uone mbao, tia gundi mpya ya mbao, kisha kaza. Kama huna klempu, kile chuma cha kubania mbao, tumia blada, ule mpira wa tyubu ambao watu wa boda boda wanafungia mizigo. Uzungushe kwenye miguu ya kiti, uvute, ufunge, uache mpaka kesho yake. Ukikuta vitundu vidogo vinavyotoa unga laini, kuna mdudu ndani. Tibu kwa dawa ya wadudu wa mbao kwanza na ukitenge kiti hicho na vingine.

Msasa ndio kazi. Kila kitu kingine ni mapambo juu ya msasa. Kama uso una mikwaruzo mirefu anza na namba 80, la sivyo anza na 120, kisha 180. Ukitaka kutia steini, ishia hapo hapo 180, kwa sababu ukilainisha zaidi mbao inajifunga na steini haizami. Zungushia msasa kwenye kipande cha mbao ili shinikizo liwe sawa, na ufuate mishipa ya mbao, usiikate. Mkwaruzo mmoja uliopita kinyume hutauona mchana, lakini ukitia steini unajaa rangi na kuwa mstari mweusi. Kuna njia ya kuukamata mapema. Usiku, zima taa za chumba, washa tochi ya simu, ilaze simu juu ya meza mwanga upite sambamba na uso wa mbao. Kila mkwaruzo, kila tone la gundi lililosahaulika, litatoa kivuli. Weka alama kwa chaki, uvishughulikie asubuhi.

Halafu lowesha uso wote kwa kitambaa chenye unyevu. Nyuzi za mbao zitasimama, utahisi kama ndevu za siku mbili. Zikikauka, zikate kwa mkono mwepesi na msasa namba 220, ukigusa nyuzi tu bila kuusugua uso wenyewe. Zile ncha za ubao, pale mti ulipokatwa kwa upana, zinakunywa steini kuliko sehemu nyingine na zitakuwa nyeusi usipozilainisha zaidi.

Steini: koroga kopo mpaka chini, kwa sababu rangi huzama. Ijaribu chini ya meza, si kwenye kifuniko cha kopo. Paka kwa tambara au brashi, subiri dakika chache, kisha futa yote iliyobaki juu. Futa! Steini iliyoachwa juu haikauki vizuri na vanishi haitashika. Mkiwa wawili ni bora zaidi, mmoja anapaka na mwenzake anafuta, na mmalize uso wote kwa mkupuo mmoja bila kwenda kupokea simu, maana pale mlipoishia patabaki mpaka. Saiprasi na msonobari hunywa steini kwa mabaka. Zitangulizie mkono mmoja mwepesi, yaani tabaka moja, wa sanding sila iliyozimuliwa, ule mpako wa kuziba vitundu vya mbao, ipige msasa kidogo, ndipo utie steini.

Viti navyo vioshe kwanza kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, hasa pale juu ya mgongo ambapo mikono ya watu imepaka mafuta miaka yote hii. Rangi haishiki kwenye mafuta. Piga msasa mpaka mng'ao uishe, paka praima, ile rangi ya msingi ya kushikisha, kisha rangi mikono miwili myepesi. Mkono mmoja mzito unatiririka na kuchukua siku nyingi kukauka. Tumia rangi ya mafuta au ile ya maji iliyotengenezwa mahsusi kwa mbao na chuma. Rangi ya ukutani usiiweke kwenye kiti: jua likiwaka, nguo ya mtu inanata. Kwa kiti cha mahogani unachotaka kiwe cheupe, praima iwe ya shelaki, la sivyo wekundu wa mti utapanda na kutokeza juu ya rangi baada ya siku chache. Anza kiti kikiwa kichwa chini. Piga msumari mdogo chini ya kila mguu kabla ya kupaka, ili ukikisimamisha kisikanyage gazeti na kung'ang'ania; kiti kikishakauka unaung'oa. Makalio ya kiti yenye sponji yaondoe kabisa, uyapeleke kwa fundi wa makochi kivyake.

Hali ya hewa ya Nairobi nayo tuiheshimu. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kati ya Juni na Agosti baridi inachelewesha kila kitu, na wakati wa masika laka ikipakwa hewa ikiwa na unyevu mwingi inageuka ukungu mweupe. Januari na Februari ni miezi mizuri, ila vumbi. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kupaka vanishi, na paka asubuhi ili ikaukie kwenye joto la mchana. Najua wengi hapa mko kwenye ploti, hamna ua. Muombeni keateka awaruhusu juu ya paa, pale pa kuanikia nguo, siku ambayo si ya kufua.

Sasa naomba wazazi mnisikilize kwa makini. Rangi za zamani, hasa za kung'aa za manjano, nyekundu na kijani, huenda zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo. Kiti chenye rangi kuukuu usikipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, kazi ifanyike nje, watoto wawe mbali, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukinunua rangi mpya, soma kopo: kiwango cha Kenya kinataka risasi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Rangi iliyopimwa kwenye chupa isiyo na maandishi, iache dukani.

Vumbi la mbao lenyewe pia si mchezo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Vaa barakoa inayobana, na mnunulie fundi wako pia. Nimewaona wazee wa kazi hii wakikohoa, nami nasema ukweli kwamba barakoa ni bei ndogo mno kuliko kile kikohozi.

Thina na spiriti hazitumiwi kwenye chumba chenye jiko linalowaka, la gesi au la makaa, hata kama mlango uko wazi. Na matambara uliyotumia kupakia mafuta ya linsidi au steini ya mafuta usiyakunje ukayatupa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kushika moto lenyewe bila kiberiti, usiku, watu wamelala. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Kama kazi hii utampa fundi, na wengi wenu mtafanya hivyo, patana naye kwa hatua. Mlipe msasa kama kazi kamili, si kama utangulizi. Fundi akijua kwamba analipwa rangi peke yake, msasa ataupita haraka, nawe baada ya miezi sita rangi inabambuka. Mwambie akuite uone mbao ikiwa tupu kabla hajapaka chochote. Leta ile tochi ya simu. Nunua vifaa wewe mwenyewe na ubaki na makopo, ili ukihitaji kurekebisha ujue kilichotumika. Wala usimpe siku ya mwisho ya Jumamosi kwa sababu Jumapili una wageni. Vanishi haijui wageni wako.

Mwisho, meza ikirudi ndani, ikiguswa itaonekana imekauka kesho yake, lakini ndani bado laini. Vanishi na rangi ya mafuta huchukua wiki kadhaa kuwa ngumu kabisa. Kuleni juu yake baada ya siku chache, sawa, lakini sufuria ya ugali iwekewe kitu chini, na ile plastiki ya kutandika mezani msiirudishe mpaka mwezi upite, maana itagandamana na vanishi na kuibandua.

Nawashukuru sana. Mwenye swali kuhusu meza yake, anitajie kwanza alichokiona alipopima kwa spiriti, na kama hajapima, aje na kipande au picha ya chini ya meza, tutaangalia pamoja.